Samaki wa Uzi wa Dhahabu

Hodo aliogopa samaki, na hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote pale Buruburu. Kwao waliliwa mbuzi, na ngamia siku za heri, lakini samaki hakuwahi kuvuka kizingiti. Na binti huyohuyo ndiye aliyetaka kuwa daktari wa upasuaji. Kipenda roho hula nyama mbichi, wahenga walisema. Huyu wetu hata ya samaki iliyopikwa ilimtia kichefuchefu.

Alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, somo la biolojia. Kwenye zoezi la chura alizirai kabla kisu hakijamgusa chura, akapata sifuri. Sasa Bwana Kweyu, mwalimu wa maabara, alitaka kila mwanafunzi aje Ijumaa na tilapia wake mzima wa kupasua. Babake, Mzee Jimale, mwenye duka la mapazia Eastleigh, alikuwa amesema neno moja tu: ukianguka tena, Jumatatu unaketi kwenye cherehani. Na cherehani yenyewe ameshaitia mafuta.

Basi Alhamisi alasiri Hodo akaenda kwa Mama Zedekiah, muuza samaki wa mtaa. Alinyoosha kidole kuchagua, akageuka upande wa barabara, akajifunika pua kwa mtandio. Laiti angegeuka kutazama. Mama Zedekiah hakuwahi kumpa mteja samaki mwenye matumbo. Kwake hilo ni sawa na kumpa mgeni chai katika kikombe kichafu. Huku akimuuliza habari za nyumbani, mikono yake ilikwangua magamba, ikapasua, ikasafisha, ikafunga.

Hodo aligundua akiwa kwenye baraza ya ghorofani, kwa sababu mamake alikuwa amempiga marufuku kumwingiza samaki jikoni. Alichungulia tumbo la samaki kwa jicho moja. Ndani mlikuwa mtupu kama soksi. Alirudi sokoni mbio, akakuta samaki wameisha. Kilichobaki ni beseni la matumbo, likimngoja mfuga bata.

"Mama, naomba matumbo ya samaki wangu."

"Yako ni gani sasa, msichana wangu? Zote zimechanganyika." Mama Zedekiah alimtazama kwa huruma. "Na unataka za nini?"

"Za shule."

"Kweli hii masomo ya siku hizi." Akachota bakuli zima, akafunga. Akachota tena. "Hiyo ni nyongeza. Wewe ni customer."

Hodo alirudi na mfuko wa matumbo ya ukoo mzima. Akafungua kitabu, akavaa glavu za kuoshea choo, akaanza kutafuta: moyo, ini, nyongo, utumbo. Kwanza alilia. Halafu alitapika kidogo. Lakini alipofika kwenye ini la tatu alishangaa kuona woga umeyeyuka na mahali pake pameingia hamu. Kila kiungo alikiweka pale kitabu kilipomwelekeza. Vibofu vya hewa, vile vinavyomfanya samaki aelee majini, vyote vilikuwa vimepasuka, kwa hiyo akaazima puto dogo la waridi la mdogo wake Kawsar, lililobaki tangu Idi. Kitabu kilionyesha jike ukurasa mmoja na dume ukurasa uliofuata. Hodo, mtoto mtiifu, akafuata kurasa zote mbili.

Kisha akalishona tumbo. Uzi uliokuwepo nyumbani ulikuwa wa dhahabu.

Ijumaa, Bwana Kweyu alipita meza kwa meza akitikisa kichwa. Alipofika kwa Hodo aliacha kukitikisa.

"Huyu alifanyiwa upasuaji wapi?"

"Nyumbani, sir."

"Akapona?"

Darasa likaanza kucheka. Mwalimu alikata uzi taratibu, akafungua. Akaona mayai. Kando ya mayai akaona korodani. "Hodo, huyu ni baba au ni mama?"

"Sir, huyo ni single parent," alisema Sylvance kutoka meza ya nyuma.

"Na hili puto?"

"Kibofu cha hewa, sir. Chake kilipasuka."

Bwana Kweyu aliketi. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka ndani ya sinia. Hodo hakucheka, aliona cherehani inamkodolea macho. Akakiri yote, kuanzia mtandio puani hadi nyongeza. Mwalimu akapangusa miwani, akaelekeza kibano kwenye kiungo cha kwanza. "Hiki nini?" Akajibu. "Na hiki? Kazi yake?" Akajibu. Akajibu vyote, bila kuziba pua, bila kuyumba.

"Hawa wenzako wamefungua samaki," mwalimu alisema. "Wewe peke yako umemfunga. Samaki wako ameanguka, sitakuficha. Wewe umepita."

Hodo alifika dukani akihema. Babake alikuwa ameshavuta kiti mbele ya cherehani.

"Aabo, nimepita."

"Nionyeshe."

Hakuwa na cha kuonyesha ila picha ya samaki kwenye simu. Mzee Jimale aliikuza kwa vidole, akaisogeza machoni. Alikuwa amekwisha kuutambua uzi wake, na Hodo alijiandaa kugombezwa. Lakini mzee aliendelea kutazama mishono, midogo, iliyolingana, isiyovuta ngozi.

"Nani alikufundisha kushona hivi?"

"Si ni wewe, Aabo."

 Mzee alivua miwani, akaivaa tena, maana machozi yalikuwa yamemlengalenga na hakutaka yaonekane. Kisha akaifunika cherehani kwa kitambaa chake, akasukuma kiti ukutani.

"Wiki ijayo mnapasua nini?"

"Sungura."

"Wa rangi gani?"

"Mweupe, Aabo."

Mzee Jimale akainuka, akapekua rafu ya juu kabisa, akamkabidhi donge jipya la uzi mweupe.