Magadi ya Naserian

Katarina alikuwa mtu wa kunusa. Unga wa dukani aliunusa, mafuta ya taa aliyanusa, na hata mkate wa padre, lau angeruhusiwa, angeunusa kwanza. Majirani zake kule Mbulumbulu walimcheka, naye akawajibu kwamba wengi waliomcheka zamani sasa wako makaburini. Na kweli wengine walikuwa huko, ingawa kwa malaria.

Kwa mtu wa namna hiyo, ilishangaza kwamba mgeni aliyemwamini kuliko wote hakuwa hata wa kabila lake. Naserian, mama yake Lembris, alikuwa Mmasai wa Olbalbal, kule chini ya milima ya kreta, ambako maji ni ya kutafuta na vumbi ni la bure. Kila mwaka baada ya mavuno alipanda na punda wake, siku mbili kwa miguu, akileta magadi ya kulambisha ng'ombe na kurudi na mahindi. Desturi ya huko juu ni kwamba mwenyeji huonja kinywaji kabla ya kumpa mgeni, ili mgeni aone hakuna sumu. Mara ya kwanza Katarina alipoinua kibuyu cha togwa aonje, Naserian alimpokonya akanywa mpaka nusu.

"Mama Cresensia, mtu akitaka kuniua ataniua," alisema akifuta midomo, "lakini si kwa kiu."

Walicheka mpaka punda akageuka kuwatazama. Tangu siku hiyo, miaka tisa mizima, hapakuwa na kuonjeana kati yao.

Mwaka wa themanini na mbili Naserian alifika alasiri, akamkuta Faraja yuko kwenye uchungu wa kuzaa. Faraja alikuwa ng'ombe wa kisasa, mweupe mwenye mabaka mekundu, na kiwele chake kilikuwa kikubwa hata kikamfanya atembee kwa kutanua miguu. Katarina, mjane, alitoa ng'ombe wake watatu wa kienyeji ili ampate huyo mmoja. Binti yake Cresensia alikuwa anasoma sekondari Arusha kwa maziwa hayo hayo. Faraja akifa, Cresensia anarudi nyumbani kupalilia maharage, na habari ya shule inaishia hapo.

Ndama alitoka salama, tena jike. Naserian akampa Faraja bonge la magadi alambe, kisha akainama na kumtemea ndama mate kwenye paji la uso, kama Wamasai wanavyobariki kitu wanachokipenda. Katarina alijua maana yake. Cresensia naye alitemewa vivyo hivyo alipokuwa mdogo, na mama yake alitoa shukrani.

Kisha Katarina akakaa kukamua. Katika semina ya akina mama alifundishwa kukamua mpaka tone la mwisho, eti maziwa yakibaki kiwele kinaugua. Ndoo ikajaa dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, naye akaomba ndoo ya pili.

"Mama Cresensia, acha sasa," Naserian alisema. "Acha ya mtoto."

"Mtoto ameshanyonya."

"Acha tu. Mama amechoka. Sisi hatukamui hivyo siku ya kwanza. Unamkausha."

Katarina alitabasamu peke yake. Ng'ombe wenu wanatoa kikombe, aliwaza, lazima ndoo ziwaume macho. Akakamua mpaka chuchu zikalegea, na usiku ule yeye na Naserian walilala chumba kimoja kama kawaida yao.

Asubuhi Faraja hakusimama. Alikuwa amelala kifudifudi, shingo ameipinda na kichwa amekiegemeza ubavuni. Masikio yalikuwa ya baridi na pua imekauka. Katarina alimvuta mkia, akampigia kelele, akamsukuma kwa goti. Ng'ombe alijikakamua, miguu ikatetemeka kidogo, akatulia. Macho yalikuwa wazi yakimtazama.

Lusia, jirani wa ng'ambo ya ua, alifika kabla hajaitwa. Huyo alikuwa na kipaji cha kunusa msiba.

"Pole, dada. Jana alikula nini?"

"Majani yale yale. Na magadi."

"Magadi ya nani?"

Lusia akashika kiuno, akatazama upande wa nyumba ambako Naserian alikuwa anamfunga punda gunia, akaguna. Mguno tu, lakini ulitosha. Mambo yote ya jana yakageuka na kuonyesha mgongo. Yale mate pajini, lile bonge la magadi, na lile neno: unamkausha. Mtu anajuaje kwamba ng'ombe atakauka kama si yeye anayemkausha? Kikulacho ki nguoni mwako, Katarina aliwaza, na miaka tisa ya kicheko haikumsaidia kuwaza kingine.

Alimfuata Naserian kwa hatua kubwa. "Umempa nini ng'ombe wangu?"

Naserian alidhani ni utani. "Magadi. Kama siku zote."

"Na yale mate?"

Mkono wa Naserian ukasimama juu ya kamba. "Mate ni baraka. Wewe unajua."

"Nilikuwa najua," alisema Katarina.

Akaitwa Mzee Tluway, balozi wa nyumba kumi, mtu wa haki lakini mwoga wa watu wengi. Na watu wengi walikuwepo, maana habari ya sumu haihitaji mguu. Mzee aliamua kwamba Naserian asiondoke mpaka bwana mifugo aje. Ng'ombe akifa kwa sumu, mama huyu na gunia lake watapelekwa Karatu polisi. Wakamkalisha karibu na ua, juani, punda wake amefungwa pembeni.

"Nitakaa," Naserian alisema. "Mimi pia nataka kujua kinachomuua."

Watu walipokezana kumtazama. Hakulia wala hakujitetea, na Katarina aliihesabu hiyo nayo kuwa dalili. Mtu asiye na kosa angelia.

Bwana mifugo, kijana aliyeitwa Clemensi, alifika saa nane mchana kwa baiskeli, kwa kuwa pikipiki ya ofisi ilikuwa haijaonja petroli kwa wiki tatu. Katarina alimtilia shaka tangu getini. Alikuwa mdogo mno, na viatu vyake havikuwa na samadi.

Clemensi alishika masikio ya Faraja, akafungua kope, akauliza huu ni mzao wa ngapi.

"Wa tatu," alisema Katarina. "Uliza habari ya magadi."

"Nitauliza. Jana ulimkamua kiasi gani?"

"Mpaka tone la mwisho, kama mlivyotufundisha."

Kijana alikitazama kiwele. Kisha akaenda kwenye gunia la Naserian, akamega magadi, na mbele ya watu wote akayatia ulimini. Lusia alifunga macho. Clemensi alitema, akasema, "Magadi safi. Kwetu tungeyapikia maharage." Akarudi kwa ng'ombe, akatoa mkobani chupa ya maji yasiyo na rangi.

"Niletee niinuse," alisema Katarina.

Akanusa. Haikuwa na harufu, na hilo likamtia wasiwasi zaidi.

Clemensi alichoma sindano kwenye mshipa wa shingo, akainua chupa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akashikilia chombo cha kusikilizia moyo nyuma ya kiwiko cha ng'ombe. Dawa ilishuka polepole, kama ya mtu asiyetaka kuimaliza.

"Mbona kidogo kidogo?" Katarina aliuliza. "Ng'ombe anakufa, wewe unadondosha. Unaficha nini?"

"Sifichi, mama. Sikiliza, lakini usinishike mkono." Kijana hakuondoa macho kwenye chupa. "Mwili wa Faraja, na wako pia, umejengwa kwa chembe hai, ndogo hata jicho halizioni. Kila moja ina ukuta wake, na ndani inachoma chakula ipate nguvu ya kufanya kazi. Ila hazitembeleani. Zinapelekeana habari."

"Habari gani?"

"Kama hii: simama. Mshipa wa fahamu unaileta mpaka karibu na msuli. Pale mwisho wa mshipa lazima kalsiamu iingie, ndipo habari itolewe. Upande wa pili, kwenye ukuta wa msuli, kuna vipokezi. Kazi yao ni kupokea habari hiyo tu, si nyingine. Vikipokea, kalsiamu inafunguliwa ndani ya msuli, na msuli unakaza. Ndipo ng'ombe anasimama."

"Kalsiamu ndiyo nini?"

"Madini ya chokaa. Ya mifupa."

"Ng'ombe wangu ana mifupa mikubwa!"

"Anayo, lakini ya mifupani haitoki kwa haraka. Iliyokuwa kwenye damu imeondoka na maziwa, na jana umeyatoa yote." Alisema kwa upole, lakini Katarina alihisi uso unawaka. "Kwa hiyo nguvu anazo, alikula. Habari inatumwa, umemwona anavyojaribu. Vipokezi ni vizima. Kilichokosekana ni hicho cha katikati, basi kila mmoja amekaa anamngoja mwenzake."

"Mwongezee basi!"

"Moyo nao ni msuli, mama. Kalsiamu ikiingia kwa pupa, moyo utakaza usiachie. Hata kuachia ni kazi, chembe inatumia nguvu kuirudisha kalsiamu ilikotoka. Ukiniharakisha, utamuua wewe."

Hapo Katarina aliurudisha mkono wake, akaukumbatia na ule mwingine. Chupa ilifika nusu. Nyama za mapaja ya Faraja zikaanza kutetemeka, kwanza kwa mbali, halafu mwili mzima. Akacheua gesi kwa kishindo. Akanya. Umati ulishangilia kinyesi kile kama harusi. Chupa ilipoisha, Faraja alikunja miguu ya nyuma, akainua makalio, akayumba, akasimama. Ndama akaja mbio kutafuta chuchu.

Katarina alilia kwa sauti, bila kujificha. Alimwona Cresensia yuko bado darasani.

"Siku tatu hizi usimkamue yakaisha," Clemensi alisema akikunja mpira wake wa kupitishia dawa. "Kamua kidogo, mengine mwachie ndama. Ungeacha jana, pengine asingeanguka."

Lusia akakumbuka kwamba ana maharage jikoni. Wengine nao wakakumbuka yao, na kwa muda mfupi ua ukabaki mtupu. Mzee Tluway alikohoa, akamwambia Naserian kwamba basi, anaweza kwenda, akaondoka kwa haraka isiyolingana na umri wake.

Naserian alisimama polepole, akamfungua punda. Katarina alimfuata. Pole aliyotaka kuisema ilikuwa kubwa kuliko mdomo, kwa hiyo akashika ndogo iliyokuwa karibu.

"Mama Lembris, kabla hujaenda. Mbariki Faraja. Mtemee mate kama jana."

Naserian alimtazama ng'ombe, na hakika alimpenda, maana aliingia zizini bila kuambiwa mara ya pili. Aliinama kwenye lile paji jeupe. Midomo yake ilichezacheza. Kisha akajiinua.

"Sina," alisema. "Mdomo umekauka. Tangu asubuhi hamjanipa maji."

Katarina aliganda. Watu wale wote, jua lile lote, na kisima kiko hatua ishirini. Hata punda hakupewa. Alikimbia ndani akajigonga goti mlangoni, akanyakua kibuyu cha togwa, akarudi mbio, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Naserian hakunyoosha yake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi, na hayakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu.

"Onja wewe kwanza," alisema.

Katarina alitazama kibuyu. Akakiinua, akanywa mafunda mawili, akameza mgeni wake akimtazama koo, na ndipo Naserian akakipokea.