Likoke, Kifaa Namba Saba

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi Ngoie alifungua ofisi ya kampani ya pamba, akaondoa kitenge kilichoikinga kompyuta na vumbi, akabonyeza kitufe, akangoja. Ilikuwa Kamina, mwaka wa themanini na saba, na kompyuta yenyewe kila mtu aliiita masini. Mlangoni palikuwa na saa ya kupigia kadi, imeunganishwa na masini kwa waya. Mfanyakazi akitia kadi, masini huacha inachofanya, humpokea, humwandika, kisha hurudia kazi yake pale ilipoishia, kama mama anayesonga ugali wake wa bukari huku watoto wakibisha hodi.

Jumanne ile Likoke naye alipiga kadi, saa kumi na mbili kamili. Alikuwa amekufa majuma matatu kabla, ndani ya presi ya kubana marobota ya pamba. Mlinzi alimwamkia. Ngoie aliliona jina kwenye kioo cha masini, hakushangaa. Likoke hakuwahi kuchelewa hata siku moja.

Kilichomkosesha Ngoie raha kilikuwa kingine. Kampani iliandika kwamba siku aliyokufa Likoke hakuwa zamuni, aliingia kuiba. Mwizi haachi haki nyuma yake, kwa hiyo mkewe Mwadi alipewa mpaka Jumamosi atoke kwenye nyumba ya kampani na watoto wake watatu. Ulikuwa uongo mtupu, na barua yake Ngoie ndiye aliyeipiga chapa, kwa amri. Tangu hapo alijionea haya hata akinyoa ndevu.

Likoke aliingia ofisini, akavuta kigoda, akaketi, akaweka kiganja ubavuni mwa masini. Kioo kikaandika kwa Kifaransa kwamba kimehisi kifaa kipya, ila mkalimani wake hayupo. Je, kipokelewe? Ndiyo au hapana.

Ngoie alielewa. Fundi wa Lubumbashi alimfundisha kwamba masini yenyewe haimjui mtu. Kibodi ina mkalimani wake, printa ina wake, hata ile saa ya mlangoni. Asiye na mkalimani atapiga kelele mpaka sauti imkauke na hatasikika. Ngoie akabonyeza ndiyo. Kisha akatuma mtu amwite Mwadi, maana nani mwingine aliyajua maneno ya Likoke?

Mwadi alikuja na unga wa muhogo mikononi. Alimtazama mumewe kuanzia kichwani hadi viatuni.

“Weye ulikonda,” akamwambia, akaketi kati yake na masini.

Likoke akasema, Mwadi akatafsiri, lakini walianza vibaya. Mwadi akamgeukia Ngoie, akimwita kaka kwa heshima. “Yaya, huyu anasemaka polepole, na masini yako iko na haraka. Maneno itapotea.”

Basi Ngoie alileta beseni la kunawia, akaliweka chini ya kigoda. Maneno ya Likoke yakadondoka humo moja moja. Beseni likijaa, Mwadi aliliinua na kulimimina kwenye matundu ya nyuma. Masini iliyanywa yote kwa mkupuo, ikangoja mengine. Kufika adhuhuri walikuwa wamemimina mabeseni matano.

Ukurasa ukatokea. Tarehe, saa. Presi ilikwama. Citoyen Mukendi, mkurugenzi, alisema mota isizimwe kwa sababu mabehewa yanangoja stesheni, tia mkono, Likoke. Akatia mkono. Hapo napo Mwadi aliendelea kutafsiri.

Ikabaki kuuchapa. Printa ilikuwa moja, karatasi zikipanga foleni humo ndani kila moja na namba ya cheo chake, na namba alizitoa Mukendi. Mwenye nguvu mpishe. Jumatano ikapita orodha ya wachezaji wa animasyo, ngoma za kukisifu chama. Alhamisi, barua ya pongezi kwa kamishna, kisha mpango wa salongo, kazi ya lazima ya umma, kisha nani ataketi kiti gani kwenye sherehe. Ukurasa wa Likoke kila ulipofika mbele, ulirudishwa nyuma. Ijumaa alasiri Ngoie alikifikiria kitanda cha Mwadi kikiwa nje. Aliogopa sana, yeye pia alikuwa na nyumba ya kampani. Akaupa ukurasa namba moja.

Mwadi aliupeleka kwa Mukendi kwa mikono miwili, Ngoie nyuma yake. Mukendi akausoma wote, taratibu.

“Iko kweli,” akasema. “Njo vile ilikuwa.” Akamgeukia Ngoie. “Haya maneno iliingia mu masini na njia gani?”

“Na njia ya Likoke, Citoyen Directeur.”

“Ulimupokea kama nani?”

Ngoie akainamisha macho. “Kama kifaa. Masini haikuuliza ingine.”

“Basi iko matériel, mali ya kampani,” Mukendi akasema, bila hasira yoyote. “Matériel haina na bibi, haina na batoto. Nyumba tunapatiaka bantu.”

Jioni ile Ngoie aliongeza kwenye orodha ya mali: Likoke, kifaa namba saba, bila mkalimani. Kibandiko kiligundishwa kwenye mfuko wa shati. Kilikaa upande, na Likoke akakinyoosha mwenyewe.

Jumamosi Mwadi alihamia kwa dada yake, ng'ambo ya reli. Sufuria na magodoro watoto waliweza. Kitanda kilikuwa cha chuma, Mwadi aliweza kukikokota mpaka mbele ya ofisi tu. Akaja dirishani mwa ofisi kumwomba mumewe ashike upande mmoja, na Likoke alikuwa ameshasimama. Lakini mali ya kampani haivuki geti bila bon de sortie, hati ya kutokea, yenye sahihi ya mkurugenzi, na mkurugenzi alikuwa Kabondo-Dianda mpaka Jumatatu. Mlinzi alisema pole, na kweli alimwonea huruma.

Ngoie akatoka yeye, akashika upande wa pili. Nyuma yao, dirishani, Likoke alisema jambo.

“Anasema nini?” Ngoie akauliza.

“Anasema mguu ya huku inachezacheza,” Mwadi akamjibu. “Tushike muzuri.”