Maji Hufuata Chumvi

King'ora cha kiwanda kilipolia jioni, Fundi Baiskeli alifunga spana zake ndani ya gunia, akanawa grisi mikononi, kisha akajaza maji beseni kubwa la bati katikati ya chumba. Aliyaonja kwa ncha ya ulimi. Yakiwa na chumvi hata ya kuhisiwa tu, aliyamwaga nje na kwenda kuteka mengine kwa shangazi wa mkewe, nyumba ya jirani. Halafu aliketi mlangoni kungoja.

Mkewe aliitwa Bonge. Mtaa mzima ulimpa jina hilo zamani, mashavu yake yalipokuwa yaking'aa na kicheko chake kikisikika hadi ng'ambo ya barabara. Tangu aajiriwe kwenye kiwanda cha kusindika matango, jina lilimfaa asubuhi tu. Jioni alirudi amenyauka kama mboga iliyosahauliwa juani. Shingo imelalia bega, vidole vimekunjamana, nyama imejitenga na ngozi, hata ukimshika mkono ulihisi kitu kinacheza ndani kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake.

Fundi alimlaza ndani ya beseni. Maji yalipungua taratibu, naye Bonge akajaa taratibu: kwanza vidole, kisha mikono, mwisho mashavu. Alijaa hadi ngozi ikakaza, ikasema basi, haipokei tone jingine. Fundi akambonyeza bega kwa kidole gumba, kama anavyobonyeza tairi akishalitia upepo.

"Umekaza."

"Nimekaza," alijibu Bonge, akainuka kwenda kupika.

Mtaani kote ilikuwa hivyo. Wafanyakazi wa mapipa walirudi wakalowekwa na watu wao, na wasio na watu walisubiri mvua. Siku za mwanzo Fundi alimuuliza mkewe kazi yenyewe ni kazi gani.

"Tunazamisha matango kwenye mapipa ya maji ya chumvi, tunayageuza kwa mikono," Bonge alimwambia. "Maji yana hulka yake, mwenzangu. Yakihisi ng'ambo ya ngozi kuna chumvi nyingi kuliko kwao, hayatulii, yanahama. Tango lina ngozi, na mimi nina ngozi. Yatatutofautishaje?"

Kisha ikaja jioni ambayo maji ya beseni hayakupungua.

Fundi alingoja. Alimgeuza Bonge ubavu huu na ule. Alimzamisha mkono, kisha bega, kisha goti, akitazama kama mapovu yatatoka, kama anavyotafuta pancha kwenye tyubu. Hapakutoka povu. Afadhali ingekuwa pancha, maana viraka alikuwa navyo.

Shangazi aliitwa, akampapasa Bonge mgongoni.

"Kuna kunyauka na kuna kukauka, mkwe wangu," alisema. "Aliyenyauka hurudi. Lakini nyama ikikaa mno mbali na ngozi, hazijuani tena. Haya maji ya bomba ni mageni kwake. Yake mwenyewe yako wapi?"

"Kiwandani."

"Basi kayadai."

Asubuhi Fundi alikwenda kuyadai. Msimamizi wa mapipa alikuwa mtu mpole. Alimpa kiti, akamsikiliza hadi mwisho.

"Pole sana. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, bwana."

"Hayakumwagika. Yamehama. Yako kwenye pipa lake."

Msimamizi alifikiri, akakubali kwamba hilo ni kweli.

"Na glavu?" Fundi aliuliza.

"Zimeagizwa."

"Tangu lini?"

"Tangu kiwanda kifunguliwe."

Alimruhusu achote ndoo moja, wala hakumwekea masharti. Akamkumbusha tu, kwa sauti ya chini, kwamba chumba wanachokaa ni cha kiwanda, na kwamba pipa haliwezi kukaa bila mtu. Pipa likikosa mtu, chumba nacho kitahitajika.

Fundi aliibeba ndoo kwa uangalifu, asimwage tone. Nyumbani alimimina maji kwenye beseni tupu, akamlaza mkewe. Bonge alifumbua macho.

"Ni yangu haya," alisema. "Nayajua." Akatabasamu, na Fundi akacheka kwa sauti, jambo ambalo hakuwa amelifanya muda mrefu.

Ndipo alipoona beseni linajaa. Maji yalipanda polepole kuelekea ukingoni, ilhali hakuna aliyeyaongeza. Yalikuwa yake, kweli, lakini yalirudi na chumvi ya pipa, na chumvi hiyo iliyaita machache yaliyosalia mwilini.

"Yamekuja kuwachukua wenzao," alisema Bonge, bila lawama.

Fundi alimtoa haraka, lakini alichokiinua kilikuwa chepesi kuliko gauni lake.

Hakufa. Alilazwa kitandani, na shangazi akaweka spana kwenye pembe za shuka ili upepo wa mlangoni usimchukue. Majirani walikuja kumjulia hali. Aliwaitikia kwa sauti kama ya majani makavu yakikanyagwa, akaulizia watoto wao kwa majina. Waliolia shangazi aliwatoa nje. Hakuwa amewakasirikia. Machozi yana chumvi, na pale kitandani hapakuwa na tone la ziada la kupoteza.

Wiki iliyofuata Fundi aliwagawia mafundi wenzake vipuri vyake, akaenda kiwandani. Msimamizi alimpeleka hadi kwenye pipa la Bonge, akamtakia kazi njema.

Fundi alikunja mikono ya shati, akaingiza mikono majini hadi viwikoni. Yalikuwa baridi. Alitamani kuyatambua ya mkewe miongoni mwa hayo yote, lakini maji ya Bonge, ya matango na ya waliotangulia yalikuwa kitu kimoja. Baada ya muda vidole vyake vikaanza kukunjamana. Maji yake yalimtoka taratibu, bila maumivu, yakaenda yaliko ya mkewe.

Mwanamke wa pipa la pili alimtazama.

"Mgeni wewe. Jioni atakuloweka nani?"

Fundi alifikiri kidogo.

"Bado sijapata mtu," alisema, akaendelea kugeuza matango.