Kompyuta Mama Mbili

Kabla ya saa tatu asubuhi, fundi wa kompyuta wa zahanati alikuwa ameshaingia chumba cha mitambo mara saba, na mara zote hakuwa na la kufanya humo. Wenzake walimwita Pangaboi, kama feni ya darini, kwa tabia yake ya kuzunguka bila kutua. Naye alilikubali jina, maana kulikataa kungemlazimu kusema.

Juu ya meza zilikaa kompyuta mama mbili, bega kwa bega kama mawifi waliolazimishwa kupiga picha pamoja. Zote zilitunza mafaili yale yale ya wagonjwa. Ya kushoto iliendeshwa na mfumo wa kampuni, wenye leseni, na ubavuni ilibandikwa karatasi ya njano: Ikisumbua, piga namba hii. Ya kulia iliendeshwa na mfumo usiouzwa na mtu, ambao yeyote anaweza kuuchukua, kuufungua na kuutengeneza. Kwa wiki sita Pangaboi alizipa kazi ile ile na kuandika yaliyotokea. Leo saa nne daktari mkuu angechagua moja, nyingine izimwe.

Kilichomnyima raha ni benchi la mapokezi. Miezi mitatu nyuma, ile ya kushoto ilikwama. Alipiga namba, akaambiwa asubiri. Akasubiri siku mbili. Siku ya kwanza alikuja mama mmoja na mtoto aliyewahi kuvimba koo kwa sindano, na jina la dawa mama hakulikumbuka. Lilikuwa ndani ya faili, faili lilikuwa ndani ya mashine, na Pangaboi hakuwa na ruhusa ya kuifungua. Nesi aliogopa kumdunga mtoto chochote. Mama alikaa pale benchini mpaka mchana, kisha akambeba mwanawe akaenda kutafuta msaada mbali.

Mtoto alipona. Pangaboi ndiye aliyebaki na homa yake.

Wakala wa kampuni alifika kabla ya wakati, viatu vinang'aa. Alikuwa mume wa dada yake Pangaboi, na utani wao haukujua kazini wala nyumbani. Akamtazama anavyozunguka meza.

"Shemeji, wewe mwenyewe hutulii dakika moja. Leo ndiyo utatuliza mitambo?"

Pangaboi alitabasamu akiangalia sakafu.

Kikaoni daktari mkuu alivaa miwani, akasoma kichwa cha ripoti kimya, kisha akakirudia kwa sauti: mfumo wa leseni na mfumo wa bure.

"Umeandika mwenyewe," akasema. "Mtu bure namjua, hafai kwa lolote. Kama mfumo nao ni bure, wiki sita zote ulikuwa unapima nini?"

Shemeji akacheka hadi akashika tumbo. Akasema yeye hajatia neno, mwenye mfumo amejisemea.

Masikio yalimwaka Pangaboi. Alikuwa ameikagua ile ripoti mara kumi akitafuta makosa ya tarakimu, kumbe kosa limekaa juu kabisa, kwa herufi kubwa.

"Nimekosea neno, daktari. Ni mfumo huru."

"Tofauti yake?"

"Ule wa leseni ukikwama, tunakaa benchini na yule mama. Huu ukikwama, naufungua."

Daktari akavua miwani. Shemeji hakucheka tena. Akauliza swali ambalo Pangaboi aliliogopa wiki zote sita.

"Na wewe ukiugua?"

Pangaboi akakiri kwamba hapo kampuni inamshinda, kwa kuwa ina watu wengi na yeye ni mmoja. Akakiri pia kwamba mashine ya maabara ilimsumbua siku nne kabla ya kukubali mfumo huru, na ule wa leseni iliukubali siku ya kwanza tu. Lakini kila hatua ya kuuamsha ameiandika kwenye daftari, na nesi wa mapokezi ameshajaribu kulifuata mara mbili. Mara ya kwanza alishindwa.

Daktari akasimama. Akaagiza ile ya kulia izimwe ghafla, nesi aingie na daftari peke yake, na fundi akakae kwenye benchi la mapokezi.

"Ukae," akarudia. "Usizunguke."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Pangaboi aliketi juu ya viganja vyake. Mlango wa chumba cha mitambo ulifungwa. Alihesabu vigae, akasahau, akaanza upya. Miguu ilitaka kwenda bila yeye. Mara mbili alisikia nesi akiguna, mara mbili daktari, aliyesimama mbele ya benchi, akamwonyesha kidole akae.

Dakika kumi na tisa baadaye nesi alitoka na faili la mgonjwa limechapwa, jasho puani.

"Hatua ya nne umeandika 'bonyeza'," akasema. "Nibonyeze nini, pua yangu?"

Daktari alisoma faili lote, akalikunja, akasema ya kushoto izimwe. Shemeji akabandua karatasi yake ya njano polepole, akaigeuza, akampa Pangaboi upande mtupu pamoja na kalamu. Pangaboi akaandika namba yake, na chini yake ya nesi. Akaibandika ubavuni mwa ile ya kulia.

Halafu akarudi chumba cha mitambo mara ya nane. Safari hii alikuwa na la kufanya: akafungua daftari, akatafuta hatua ya nne.