Kule Hata Waziri Anapanga Foleni

Mjomba alipokuja likizo kutoka ng'ambo tulimpokea kwa jina lake. Baada ya siku tatu nyumba nzima ilikuwa ikimwita Bwana Kule, chini kwa chini, hata mama, ambaye ni dada yake wa damu. Hakuweza kunywa maji bila kulinganisha. Kule maji ya bomba hayachemshwi. Kule umeme ukikatika dakika tano, kampuni inaomba radhi. Kule waziri akidanganya asubuhi, mchana kajiuzulu. Miaka ishirini na mbili amekaa kule, na jirani yake wa ukuta kwa ukuta hamjui jina. Hilo lilimtoka mara moja tu, tena kwa bahati mbaya.

Nilimvumilia kwa sababu nilikuwa na shida naye. Mimi ni karani wa mapokezi katika kliniki ya macho, na nilikuwa nimepata nafasi ya chuo huko huko kwake. Ilibaki sahihi ya mdhamini, na mdhamini ndiye yeye. Fomu ilikaa wiki mbili mkobani mwake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka kiuno kikauma.

Kosa langu ni kumsimulia habari za diwani. Daktari bingwa huja kwetu mara moja kila miezi mitatu, hupasua watu kumi na wawili, basi, anaondoka. Safari iliyopita diwani alitokea na wapambe wake, nikampa namba ya mtu mwingine. Mjomba aliposikia aliweka kijiko chini.

"Hiyo ndiyo inayowaua! Kujuana! Kule hata waziri anapanga foleni!"

Alinisuta saa nzima. Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli.

Jumatatu daktari akaja. Saa tisa alasiri mjomba huyo mlangoni, miwani ya jua usoni, shati limechomekewa. Alipita foleni yote bila hata samahani, akanitupia bahasha mezani.

"Mwanangu, huyu mtoto wa jicho ananitesa. Niingize leo, maana Ijumaa narudi."

Ndani mlikuwa na barua ya hospitali ya kule. Zamu yake ya kupasuliwa ingefika baada ya miezi kumi na minne. Niliisoma mara mbili. Kumbe! Siku zote zile tunahubiriwa mezani, na hili lilikuwa limekunjwa mfukoni.

"Namba zimeisha, mjomba. Ya mwisho ni ya yule mzee."

Nilimwonyesha mshona viatu, aliyekaa kwenye benchi tangu alfajiri. Siku hizi hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Ndiye niliyempora namba nikampa diwani.

"Yule?" mjomba akanong'ona. "Si atangoja tu? Amezoea. Mimi ni damu yako."

Akafungua mkoba, akatoa fomu yangu na kalamu, akavilaza mezani.

Nitasema kweli: niliitamani sahihi ile. Kisha nikamtazama usoni. Alikuwa akitabasamu, tabasamu lile lile la diwani. Nikamdharau kama nilivyojidharau mwenyewe siku ile.

"Mjomba," nikasema, kwa sauti ya kufika benchi la mwisho, "kule hata waziri anapanga foleni. Wewe ni waziri wa nini?"

Watu wakaangua kicheko. Mjomba akachukua fomu, akaichana katikati, akaiachia sakafuni.

"Ndiyo maana nchi hii haitaendelea," akasema, akatoka kwa mlango wa mbele.

Nikaita namba kumi na mbili. Sioni haya kusema kwamba machozi yalikuwa karibu. Mshona viatu akainuka, akaja akipapasa ukuta, akaikanyaga fomu yangu bila kuiona.