Kitanda Bila Kidonda

Hapa Ballarat, Australia, madaktari wakishasema una hitilafu ya haiba, ule ugonjwa wa nafsi wa hisia zisizotulia na kujikata, huaminiwi tena. Ukilia, unaigiza. Ukinyamaza, una njama. Mapokezi ya hospitali yetu yalitufundisha kwamba kitanda hupewa anayevuja damu. Asiyevuja hupewa nauli ya basi. Rafiki yangu Tegan alipewa nauli, na kabla majira ya baridi hayajaisha tukamzika.

Kwa hiyo niliposikia kuna utaratibu mpya, nilicheka. Eti mgonjwa akiona mambo yanamzidi anapiga simu mwenyewe kabla hajajidhuru, anapewa kitanda siku tatu, wala haulizwi maswali mengi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikasema huo ni mtego, wanataka kujua wasumbufu ni nani.

Lakini Jumatatu mchana, nikiosha sinia za pai kazini, mawazo ya kujiua yalinijia hadi nikaogopa kurudi nyumbani. Nikapiga simu. "Njoo," sauti ikasema. Wepesi ule ulinitia wasiwasi zaidi.

Mlangoni alinisubiri Glenys, nesi yule yule aliyemwambia Tegan mbele yangu, "Wewe unatafuta kuonekana tu." Sikungoja aulize. Nikapandisha mikono ya sweta na kumnyooshea mikono, kama tulivyozoea sote wenye ugonjwa huu. Yalikuwa makovu ya zamani tu.

"Leo sina kipya cha kukuonyesha," nikamwambia. "Haya, nifukuze."

"Shusha sweta, Narelle, baridi yote hii! Chai unatia maziwa?"

"Na kingine umetia nini?"

"Nitie sumu, bibie, halafu mashuka utakayochafua nifue mwenyewe?"

Nusura nicheke, nikajizuia. Kucheka na Glenys ni kumsaliti Tegan. Chumbani nikachungulia chini ya kitanda, nikajaribu kitasa nione kama nimefungiwa. Mlango ukafunguka.

"Nikiondoka sasa hivi mtaniitia polisi?"

"Kwanza nitakuuliza kama uko salama. Halafu nitakuomba urudi. Kitanda ni chako mpaka Alhamisi."

"Niko salama kufika kituo cha basi."

"Basi fika, urudi. Nakungoja."

Nikatoka makusudi. Nilijua nikigeuza kisogo tu watampa mwingine kitanda, nipate cha kuwasimanga. Basi likaja, likafungua mlango, dereva akanitazama. Sikupanda.

Niliporudi, mkoba niliouacha ulikuwa bado kitandani, na kikombe cha chai kimefunikwa kisosi. Glenys alikuwa amekaa kando, bado amevaa koti. Kumbe alikuwa amesimama getini muda wote akinitazama kwa mbali, akanitangulia kurudi ndani.

Badala ya kufurahi, nilipandwa na hasira.

"Kumbe inawezekana?"

"Inawezekana."

"Tangu lini?"

Akatazama mikono yake. "Siku zote, Narelle. Vitanda vilikuwepo. Tulikuwa hatuwaamini."

"Na siku ile ya Tegan?"

"Viwili vilikuwa wazi," akasema, machozi yakimtoka.

Nilitaka kumrushia kikombe. Nilitaka pia asiondoke. Simwamini mpaka leo, na nilimwambia hivyo hivyo, usoni.

"Usiniamini," akajibu. "Wewe lala tu."

Nikanywa chai yake, imeshapoa, nikavua viatu. Kisha nikalala upande mmoja wa kitanda, kama naachia mtu nafasi.