Jina Lililokinga Vitunguu

Siku ya kumi na mbili tangu azaliwe binti wa Dagdu Jagdale, wanawake wa kijiji walikuja kula dengu za kuchemsha na kumpa mtoto jina. Ilikuwa Mei. Vitunguu vilikuwa vimevunwa na kulundikwa uani, na juu ya lundo aliketi Nakoshi, dada yake Dagdu, akikata mikia ya vitunguu kwa mundu. Mvua ilikuwa inanyesha kijiji kizima. Uani mle haikunyesha.

Nakoshi maana yake Hatakiwi. Alikuwa binti wa tatu, na baba yake alimwita hivyo ili Mungu aelewe, alete mwana wa kiume. Mwaka uliofuata akazaliwa Dagdu, jina lenye maana ya Jiwe, ili kifo kimdharau kimpite. Katika nyumba ile jina baya la mvulana lilikuwa kinga. La msichana lilikuwa lalamiko.

Mvua ndiyo iliyotangulia kulitii jina lake. Haikumgusa, wala haikugusa hatua ishirini kumzunguka. Mbu nao wakamkwepa, kisha homa. Wachumba nao hawakufika, lakini hapo hapakuhitajika muujiza; Dagdu aliwarudishia njiani.

Kila mwaka vitunguu vya majirani vilioza, vya Jagdale havikuoza. Hakuna aliyemshukuru Nakoshi. Nani hulishukuru paa?

Alipokuwa na miaka kumi na sita, karani wa wilaya alikuja na fomu za kuwabadilishia majina wasichana wa namna yake. Nakoshi alikuwa ameshachagua lake: Varsha, yaani mvua. Alitaka kunyeshewa, basi, hata mara moja. Baba yake aliitazama fomu, akalitazama lundo.

“Tumalize vitunguu kwanza,” alisema.

Miaka kumi na mitano ikapita. Baba alikufa, vitunguu havikuisha. Kwa mara ya kwanza Nakoshi alitakiwa katika nyumba ile, na kwa sababu hiyohiyo hakuruhusiwa kuacha kuitwa Hatakiwi.

Sasa Dagdu alisimama barazani, kando ya susu la mtoto.

“Dada, njoo umnong'oneze jina sikioni, ndiyo kazi ya shangazi. Jina ni Nakoshi.”

“Nakoshi si nipo?”

“Tumenunua na shamba la jirani. Mwakani malundo ni mawili. Wewe utayakalia yote?”

“Mpasue katikati, Dagdu!” akasema mwanamke mmoja, na wenzake wakacheka huku dengu zikiwamwagikia mapajani.

Kalindi, mama wa mtoto, hakucheka. Nakoshi alipoinama juu ya susu, Kalindi alimshika kiwiko.

“Wifi,” akasema polepole, “shangazi ni wewe. Sikio la mwanangu unalo wewe peke yako.”

Nakoshi akanong'ona. Wanawake wakamtwanga vibao mgongoni kama desturi ilivyo, kwa kelele, hata hakuna aliyesikia alichosema.

Tone la kwanza lilipita kwenye bati bila kulitoboa, likamdondokea mtoto kwenye paji. Likafuata la pili. Kisha mvua nyembamba, ya upana wa susu, ikaanza kunyesha. Mtoto akapiga chafya. Mwanamke mmoja akasogeza sahani yake isilowe.

“Umemwitaje?” Dagdu akauliza.

“Varsha.”

Mama yao, bibi wa mtoto, aliinuka kwenye mkeka, akachungulia susu, akakunja uso kama aliyeuziwa mbuzi mgonjwa.

“Basi huyu ni wa kazi gani?” akasema. “Kalindi, jitahidi mwakani. Na safari hiyo tutaazima shangazi kwingine.”

Wanawake wakaendelea kula.

Nakoshi alimnyanyua mtoto. Mvua ikamfuata mtoto, ikamlowesha nywele na shingo. Mikono iliyombeba ikabaki mikavu. Akaweka kiganja chini ya kile kidevu kidogo, akasubiri. Maji yalitiririka hadi karibu na ngozi yake, yakapinda, yakaanguka pembeni.

“Dada!” Dagdu akaita. “Usimsogeze huko mtoto, utatuozeshea vitunguu! Asionekane uani. Umesikia? Asikusogelee kabisa.”

“Nimesikia.”

Kalindi akampokea mwanawe, akaingia naye ndani, na mvua yao. Nakoshi akashuka uani, akapanda juu ya lundo, akaokota mundu.